Rangi Izaayo Umeme

Tangu kale wanadamu wameitafuta rangi kwa ajili ya pambo, wasiidai ila kung'aa na kutochujuka. Lakini wanazuoni wa kemia wa zama hizi wameitwika kazi nzito zaidi, nayo ni kunasa nuru ya jua na kuigeuza umeme. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walitangaza seli ya jua iliyofanywa kwa chembe ndogo mno za oksidi ya titani, ile itiayo weupe katika rangi za ukuta, zilizotandazwa juu ya kioo na kuvikwa rangi. Nayo iligeuza zaidi ya asilimia 7 ya nishati ya jua kuwa umeme.

Oksidi hiyo, madhali ni nyeupe, karibu hainasi kabisa nuru ionekanayo kwa macho, na ndipo ilipohitaji rangi. Nuru ikiipiga molekuli ya rangi, elektroni yake hupanda daraja, ikarukia ndani ya oksidi, ikapita katika waya ikifanya kazi yake, kisha ikarejea kwa upande wa pili, ambako iodini iliyo katika kimiminiko huipokea na kuliziba nayo pengo iliyoliacha.

Rangi za mwanzo zilizofana zilikuwa na rutheni, madini adimu na ya ghali. Basi wataalamu wakageukia molekuli za kaboni zisizo na madini, ambazo aghalabu hunasa nuru kwa nguvu zaidi. Hizo huundwa kwa sehemu tatu kwa mpango maalumu: mwanzoni kipande kilicho tayari kutoa elektroni, kama vile trifenilamini, katikati daraja la kuipitisha, na mwishoni kipande kiivutacho, mara nyingi asidi ya sianoakriliki, ambacho ndicho pia kiishikamanishacho rangi na oksidi. Kwa mpango huo elektroni huondokea pale pale penye oksidi, na pengo hubaki mbali, likielekea kwenye kimiminiko.

Taabu ni kwamba kila faida ina gharama yake. Ukilirefusha daraja, rangi hunasa hata nuru nyekundu. Illa ukizidisha, ama elektroni haitapanda juu ya kutosha kuingia katika oksidi, ama pengo litakosa nguvu ya kuivuta elektroni kutoka kwa iodini. Fauka ya hayo, molekuli ndefu zilizo bapa hupenda kulaliana, zikapokonyana nishati bure. Dawa yake ni kuzipachika mikia mirefu ya kaboni, isiyonasa nuru hata chembe, bali huzitenga molekuli na kuizuia iodini isiifikie oksidi na kuziiba elektroni zilizokwisha kuvuka. Na wengine huchanganya asidi ya jamii ya nyongo kwa kusudi hilo la kuzitenga. Kwangu mimi, hapa ndipo ilipo hikima ya fani hii, kwamba kisichonasa nuru chaweza kuwa ndicho kiokoacho umeme.

Mwaka 2015 Wajapani walitumia rangi mbili zisizo na madini kwa pamoja, wakapita asilimia 14. Paneli za silikoni zimezizidi seli hizi juani, hilo halina shaka; lakini katika nuru hafifu ya taa za nyumbani, seli zenye rangi hizi zilipita asilimia 28 mwaka 2017, kimiminiko chake kikiwa cha shaba badala ya iodini. Kwa hiyo vifaa vidogo vya ndani, kama vipimajoto na vitambuzi vinavyokula betri, vyastahili kuwa shabaha ya waundaji wa rangi hizi kabla ya mapaa ya nyumba.