Fundi Umeme Mji Mkongwe: Umlipe kwa Siku, kwa Pointi au kwa Kazi?

Mwenye nyumba wa Mwanakwerekwe na mwenzake wa Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, wanaweza kumwita fundi yule yule, wiki moja, kwa kazi yenye jina moja: kuongeza soketi chumbani. Bei zao hazitalingana, na wa Hurumzi asidhani anatozwa zaidi kwa sababu ya mtaa wake. Kule Mwanakwerekwe ukuta ni wa matofali ya saruji. Fundi anachimba njia, anazika paipu, anaziba, na siku hiyo hiyo anaondoka. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na mara nyingi unene wake hufika nusu mita. Ukiupiga patasi haukatiki kwa mstari. Unamwaga vipande, na shimo la vidole viwili linakuwa la kiganja. Akija mtu kuliziba kwa saruji anazidisha madhara, maana saruji huzuia unyevu usitoke na chokaa ya pembeni yake huanza kubanduka.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, amueni waya utapita wapi. Ndani ya nyumba kongwe nachagua mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya ukuta, ukifuata pembe ya mlango au chini ya boriti. Unaonekana, kweli, lakini kazi inakwenda haraka, gharama inashuka, na siku waya ukiharibika unafunguliwa bila kubomoa. Anayetaka kuchimba ahesabu pia ujira wa mwashi anayejua chokaa, na aulize kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta wa zamani hauguswi kiholela.

Sasa bei yenyewe. Kulipa kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi na bei yake, kunafaa kazi mpya ambayo pande zote mbili zinaiona. Sharti pointi ielezwe: waya wa urefu gani, ukuta gani, na nani anaziba. Kulipa kwa kazi nzima kunafaa kubadilisha kitu kimoja, kama holda au sakiti breka. Kutafuta hitilafu ni habari nyengine kabisa. Hakuna fundi mkweli anayeweza kutaja bei ya shoti ambayo hajaiona iko wapi, khasa katika nyumba iliyoongezwa nyaya na kila kizazi. Wengi tunakumbuka umeme ulivyokatika Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na jenereta zilivyonunuliwa. Nyaya zilizovutwa kwa haraka kutoka kwenye jenereta hizo si ajabu kuzikuta bado ukutani. Hapo lipa ada ya ukaguzi kwanza, kisha mpatane bei ya matengenezo. Fundi anayedai ada ya ukaguzi hakuibii. Anayekagua bure atairudisha gharama hiyo mahali usipopaona.

Watu hulalamika: "Dakika ishirini tu, elfu kumi na tano!" Tuchukue hesabu ya mfano. Fundi anayekaa Fuoni anataka siku imlipe shilingi 30,000. Anapanda daladala hadi mjini, anabeba ngazi na zana vichochoroni ambako gari haipiti, anafungua soketi, anagundua kifaa kinachokosekana, anarudi dukani. Nyumba mbili, siku imekwisha. Kila nyumba basi ibebe 15,000, hata kama kazi yenyewe ni fupi. Na bado kuna siku ambazo simu haiiti.

Hesabu hiyo hiyo inamfaa mteja. Soketi ya kwanza ikiwa 15,000 na kila inayofuata katika safari hiyo 5,000, kazi tano ni 35,000. Ukimwita mara tano ni 75,000. Andika kila kinacholegea, kinachonguruma au kinachonuka, umwite fundi mara moja. Cheche na harufu ya kuungua tu ndizo zisizosubiri.

Vifaa nashauri vitengwe na ujira. Ukinunua mwenyewe unaijua bei, lakini ukikosea saizi unalipa safari ya pili. Fundi akinunua, mlipe muda wake waziwazi na akuletee risiti, kuliko faida kujificha ndani ya bei ya waya. Waya ndio wa kuangaliwa sana, kwa sababu uko uliotengenezwa kwa alumini na kupakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, usiununue hata ukiwa nusu ya bei, kwani hupata joto zaidi kuliko shaba ya unene ule ule.

Hita ya kuogea inaonesha kwa nini bei ya chini inaweza kuwa ya hatari. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Waya wa taa wa milimita 1.5 hauiwezi, na 2.5 ya soketi haitoshi. Inataka njia yake kutoka kwenye breka, kwa waya wa milimita 4 au 6. Fundi mmoja akikutajia bei maradufu ya mwenziwe, uliza huyo wa rahisi atachukua umeme wapi. Akijibu "hapo hapo kwenye taa", mwage kwa heshima.

Pangaboi nalo lina lake: lining'inizwe kwenye boriti iliyopimwa kwamba haijaliwa na mchwa. Na fundi wa mtaani hana kazi ndani ya mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla. Hiyo ni ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na bei yoyote ya kuifungua ikatae.

Ikiwa mwaka huu una pesa ya jambo moja tu, usianze na taa za mapambo. Mwambie fundi akufungie swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30, na usimame hapo akibonyeza kitufe cha majaribio kabla hujamlipa.