Kabla hujampa mtoto udongo, mpe sarafu

Hebu toa shilingi ishirini mfukoni. Ndiyo, sasa hivi. Pitisha kidole juu ya yule ndovu. Umehisi mgongo wake? Hiyo ni sanamu, bana. Haijasimama yenyewe kama ile ya Dedan Kimathi pale katikati ya Nairobi, lakini imejitokeza kutoka kwenye kitu bapa.

Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, na sarafu zilizotolewa 2018 zikatuletea wanyama: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi na huyo ndovu wako.

Hapo ndipo huwa naanzia darasa langu la sanaa Jumamosi mtaani. Watoto 12, meza mbili za kuazima na mwalimu mmoja aliyeacha chuo kwa kukosa karo. Huyo ni mimi.

Kila mtoto anaweka karatasi juu ya sarafu, anasugua kwa penseli, na mnyama anatokea. "Ametoka! Ametoka!" Hapo sina haja ya kueleza sana. Wameshaona kwamba penseli hushika pale palipoinuka.

Kisha tunashika udongo wa mfinyanzi. Usukume kama chapati, unene wa kidole. Chupa ya soda inatosha. Mtoto achore mnyama juu yake kwa kijiti, halafu aongeze nyama: tumbo kwanza, paja lifuate, sikio liwe la mwisho kwa sababu liko juu ya vyote. Ukibandika kipande, kwaruza pande zote mbili na upake udongo uliolainishwa kama uji. Ukiruka hatua hiyo, kikikauka kinabanduka. Anika kivulini, polepole, maana jua kali hupasua.

Najua vizuri, kwa sababu niliumbuka. Msichana wa miaka saba alibandika sikio la ndovu karibu na mkia. Nikaona atachekwa. Nikalibandua, nikaliweka "mahali pake" haraka haraka bila kukwaruza. Jumamosi iliyofuata tulilikuta limeanguka.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanyoosha kidole kwenye mkonga, ambao aliubandika mwenyewe. "Hilo sikio ni lako, mwalimu. Mkonga ni wangu, na haujaanguka."

Sikuwa na jibu.

Sasa mzazi, tunajuana. CBC ikileta kazi ya mikono nyumbani, ni nani huwa macho saa nne usiku na gundi vidoleni huku mwenye kazi amelala? Unaogopa alama, naelewa. Lakini asubuhi mtoto anabeba ndovu maridadi asiyemjua, na anajua kwamba mikono yake haikuaminiwa.

Wikendi hii mtafutie udongo, umwonyeshe kukwaruza, kisha ukae kando. Mikono ikikuwasha, ishikilie ile shilingi ishirini.

Na sikio likikaa mkiani, muulize ndovu wake anasikiliza nini huko nyuma. Yule wangu alikuwa na jibu: simba.