Mfanyabiashara Anapoingia Ukumbi wa Chuo Kikuu

Vyuo vikuu vya nchi yetu vimezoea kuwaalika wamiliki wa kampuni, mameneja wa benki na wataalamu wa viwanda wazungumze na wanafunzi. Mzazi wa Mwika aliyeuza ndizi na kahawa ili kulipa ada ana haki ya kuuliza mazungumzo hayo yanamfaa nini mwanawe.

Mafundisho ya Kanisa yanatupa msingi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Laborem exercens wa mwaka 1981, anafundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa yule anayeifanya. Katiba yake ya Kitume, Ex corde Ecclesiae, aliyoitoa Agosti 1990, wiki chache kabla ya kufika kwake Moshi, inavitaka vyuo vikuu vya Kikatoliki vichunguze matatizo ya jamii vinayoihudumia. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika Laudato si' ya mwaka 2015, anaiita biashara wito wenye hadhi, hasa inapozalisha ajira kwa mafao ya wengi. Kwa hiyo mwenye biashara haingii chuoni kama mgeni wa heshima tu. Anakuja kutoa hesabu ya wito wake.

Hapo ndipo mihadhara mingi hupungukiwa. Mzungumzaji husimulia alivyoanza na mtaji mdogo hadi akawa na magari na majengo, lakini hataji mkopo aliokataliwa, mzigo uliooza njiani, kodi, wala mjomba aliyemdhamini. Vijana hupiga makofi, hupiga picha naye, kisha hurudi bwenini walivyokuja. Laiti angewaonesha daftari la mwaka wake mbaya kuliko yote! Nao wanafunzi wajiandae kuuliza: unawalipaje vibarua? Ulifanya nini ulipoombwa rushwa ili upate zabuni?

Moshi haina uhaba wa mambo ya kujifunza. Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu mwaka 2014. Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge kipo mji huo huo. KNCU iliundwa mwaka 1933 kwa nguvu za wakulima wa kahawa wa vihamba vyetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali, vikarejeshwa katika miaka ya 1980. Mzee aliyeyaona hayo ana somo la uongozi na uaminifu ambalo meneja kijana hana. Vivyo hivyo mama wa soko la Mwika, anayejua bei ya mkungu inavyopanda na kushuka na gharama ya kuufikisha Dar es Salaam, anastahili kiti mbele ya wanafunzi wa biashara. Sijui kwa nini tunamsahau.

Aidha, mgeni aombwe kitu kimoja kabla hajaondoka: nafasi za mafunzo kwa vitendo, hata mbili tu.

Parokia nazo zisisubiri vyuo. Kila Desemba ndugu zetu wenye biashara Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi migombani kwa Noeli, na wanafunzi wengi wako nyumbani. Halmashauri ya Walei inaweza kuwaomba jioni moja kabla ya Mwaka Mpya. Ukumbi upo, viti vipo. Swali la kwanza aulize mwanafunzi, si Paroko.