Mungu Hahesabu Kumi Kumi

Masomo: Matayo 10:29-31, Luka 15:4-7



Katika nchi ya Georgia, karibu na mji wa Batumi, milima inasogea sana kwenye Bahari Nyeusi. Kila mwaka, tangu mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi, tai, mwewe na jamaa zao zaidi ya milioni moja wanapita pale wakikimbia baridi. Wengi wanakuja Afrika, wengine mpaka kwenye misitu yetu ya Kongo.

Kwa nini wanapita njia moja? Ndege mkubwa wa namna hii akipiga mabawa safari yote atachoka sana. Jua likipasha ardhi, hewa ya moto inapanda. Ndege anazunguka ndani yake, anainuliwa juu, kisha anateleza mbele bila kutumia nguvu nyingi. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, ndiyo maana wanafuata nchi kavu, katikati ya maji na milima.

Tangu 2008 watu wa kujitolea wanakaa kwenye vilima vya pale wakiwahesabu, na darubini na kamashini kadogo ka kuhesabia. Asubuhi mapema anapita mmoja, wanabonyeza mara moja. Lakini jua likipanda, ndege wanakuja kama moshi. Hapo wanahesabu kumi kumi, pengine mia mia. Si uvivu; macho ya mwanadamu yana mwisho.

Wapendwa, kwa mtu anayehesabu mia mia, 99 na 100 ni sawasawa. Lakini mchungaji wa Luka 15 aliona tofauti. Mmoja alikosekana, naye akaenda kumtafuta.

Wengi wetu tumekimbia vita na kuandikwa kwenye listi. Kuna mama ambaye jina lake lilirukwa, msaada ukampita. Mama, Yesu alifundisha kwamba hata shomoro mmoja haanguki bila Baba, na nywele za kichwa chako zimehesabiwa. Mungu hahesabu kumi kumi.

Na sisi kanisa? Jumapili tunatangaza kwa furaha: "Leo tulikuwa mia mbili!" Je, nani alikosekana? Juma hili, kumbuka mtu mmoja ambaye nafasi yake kwenye benchi ni tupu. Piga hodi kwake. Usianze kwa kumuuliza kwa nini hakuja. Keti, msikilize, omba naye.

Amina.