Kipakatalishi kinapogoma kushika intaneti ya simu: Tafuta kwanza daraja lililokatika

NI saa nne usiku, Juni 30. Mwalimu wa shule ya msingi mashambani ameketi mbele ya kipakatalishi chake, fomu ya P9 mkononi, akitaka kuwasilisha ritani za ushuru katika tovuti ya iTax kabla ya saa sita kugonga. Nyumbani kwake hakuna intaneti ya waya. Tegemeo lake ni simu iliyo mezani, ambayo ameiwashia huduma ya kuigawia kompyuta intaneti, maarufu kama hotspoti.

Simu yenyewe inafungua kurasa bila tatizo. Kompyuta ndiyo imekataa katakata.

Mwalimu huyo ni wa mfano tu, lakini masaibu yake yanafahamika na wengi. Kuna mwanafunzi anayetuma ombi la kujiunga na chuo, mfanyabiashara anayejaza zabuni na kijana anayesubiri kuhojiwa kazi kupitia video. Kwa mlipa ushuru, kuchelewa kuna gharama: adhabu ya mtu binafsi asiyewasilisha ritani kwa wakati ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Katika hali kama hiyo, wengi hushikwa na pupa. Hubonyeza hapa na pale, wakanunua bando jingine, wakafuta mipangilio yote, kisha kesho yake wakampelekea fundi mashine isiyo na ugonjwa wowote. Haraka haraka haina baraka. Tatizo hili lina mpangilio wake, na anayeufuata huokoa muda na fedha.

Madaraja mawili

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kati ya kipakatalishi na tovuti kuna madaraja mawili, wala si moja. Daraja la kwanza hutoka kwenye kompyuta hadi kwenye simu kwa njia ya waifai. Ni safari ya mita chache tu, na haihitaji bando wala salio. Daraja la pili hutoka kwenye simu hadi kwenye mnara wa kampuni ya mawasiliano, na kutoka huko hadi ulimwengu wa intaneti.

Ubovu wa daraja moja hautibiwi kwa kukarabati lile jingine. Kununua bando hakuwezi kulifanya jina la hotspoti lionekane kwenye kompyuta. Vivyo hivyo, kuandika nywila mara ishirini hakuwezi kuleta intaneti ikiwa bando limekwisha.

Kuna majaribio matatu mepesi yanayoonyesha daraja lililokatika. La kwanza ni kuzima waifai kwenye simu na kufungua ukurasa ambao haujawahi kufunguliwa kwenye simu hiyo, kwa kutumia data pekee. Ukikosa kufunguka, tatizo liko kati ya simu na mnara, na kompyuta haina lawama.

La pili ni kuazima simu nyingine na kuiunganisha na hotspoti ileile. La tatu ni kukiunganisha kipakatalishi na hotspoti ya mtu mwingine. Iwapo simu ya kuazima imekubali huku kompyuta ikigoma kila mahali, ubovu uko kwenye kompyuta. Iwapo kompyuta inakubali hotspoti ya jirani lakini inaikataa ya mwenyewe, tatizo liko kwenye mipangilio ya simu, au katika kutopatana kwa simu hiyo na kompyuta.

Jina lisipoonekana

Kompyuta isipoonyesha jina la hotspoti, mtu aangalie kwanza ikiwa inaonyesha mitandao mingine ya waifai iliyo karibu. Isipoonyesha hata mmoja mahali penye mitandao kadhaa, huenda waifai yake imezimwa. Vipakatalishi vingi vina kitufe chenye picha ya ndege au mnara wa mawimbi ambacho huguswa kwa bahati mbaya, nayo mawasiliano yote yasiyo ya waya yakakatika. Baadhi ya miundo ya zamani ina swichi ndogo ubavuni ambayo mwenyewe hata hajui kuwa ipo.

Sababu nyingine ni kukosekana kwa draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa chake cha waifai. Hali hii hutokea mara kwa mara baada ya fundi kuweka Windows upya. Dalili yake ni kwamba hata alama ya waifai haionekani.

Iwapo kompyuta inaona mitandao ya majirani lakini haioni simu iliyo kando yake, macho yaelekezwe kwenye simu. Simu nyingi za Android huzima hotspoti zenyewe baada ya dakika kadhaa bila kifaa kuunganishwa, ili kuokoa betri. Aidha, huduma ya kubana matumizi ya data inapowashwa, katika simu nyingi hotspoti haikubali kufanya kazi. Kwa wenye iPhone, ni vyema kuuacha wazi ukurasa wa hotspoti hadi kompyuta iunganishwe, kwani mtu akiuondoa mapema jina huweza kutoweka.

Hata hivyo, kuna sababu moja ambayo huwahangaisha wengi kuliko zote, nayo ni masafa. Waifai ya simu hurusha mawimbi katika masafa ya gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Simu za kisasa hupenda gigahezi 5 kwa sababu ya kasi yake. Vipakatalishi vingi vya zamani, vikiwemo vile vilivyotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa humu nchini, vinafahamu gigahezi 2.4 pekee.

Ni sawa na redio yenye mkanda wa AM kutafuta kituo kinachorusha matangazo kwa FM. Kituo kipo hewani, redio nayo ni nzima, lakini kamwe havitakutana.

Tiba yake huchukua chini ya dakika moja. Katika Android, mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya hotspoti, akatafuta sehemu ya masafa na kuchagua gigahezi 2.4. Katika iPhone 12 na zilizofuata, kwenye ukurasa wa hotspoti kuna swichi ya kuongeza upatanifu na vifaa vingine, ambayo ikiwashwa huishusha simu hadi gigahezi 2.4. Kasi hupungua kiasi, lakini kwa kujaza fomu au kutuma barua pepe inatosha kabisa.

Jina laonekana, mlango haufunguki

Hali ya pili ni ile ambapo jina linaonekana, nywila inaandikwa, lakini kompyuta inasema haiwezi kuunganishwa. Hapa mshukiwa wa kwanza ni nywila yenyewe. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, na ni rahisi kuchanganya sufuri na herufi O, au tarakimu 1 na herufi l. Ni bora kuifungua nywila kwenye simu na kuinakili herufi kwa herufi badala ya kuitegemea kumbukumbu.

Iwapo nywila ilibadilishwa siku za karibuni, kompyuta huendelea kutumia ile ya zamani iliyoihifadhi. Dawa ni kuiamuru isahau mtandao huo, kisha kuunganisha upya kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mshukiwa wa pili ni aina ya ulinzi. Tangu 2004, mitandao mingi ya waifai imelindwa kwa utaratibu uitwao WPA2. Mnamo 2018 ulizinduliwa mrithi wake, WPA3, ambao ni madhubuti zaidi lakini haufahamiki na kompyuta nyingi za kale. Simu ikiwekwa kwenye WPA3 pekee, kompyuta hizo hugonga mlango bila kufunguliwa. Kurejea kwenye WPA2, au kuchagua mchanganyiko wa zote mbili pale unapopatikana, huondoa kikwazo hicho.

Lisilofaa ni kuondoa nywila kabisa. Hotspoti isiyo na nywila ni sawa na nyumba iliyoachwa wazi usiku. Mpita njia yeyote anaweza kuingia na kulimaliza bando, na mambo anayoyafanya kwa kutumia intaneti hiyo yataonekana kana kwamba yametoka kwenye laini ya mwenye simu.

Vilevile, kila simu ina kikomo cha idadi ya vifaa inavyoweza kuhudumia. Simu za watoto na wageni waliowahi kupewa nywila hujiunga zenyewe kimyakimya, na kompyuta ikafika nafasi zimejaa.

Imeunganishwa, intaneti haipo

Hali ya tatu ndiyo inayoudhi zaidi. Kompyuta inasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Daraja la kwanza ni zima, na uchunguzi huanzia kwenye bando.

Kuwa na bando hakutoshi. Ni lazima ujue ni la aina gani. Kuna mabando yanayouzwa kwa ajili ya WhatsApp au YouTube pekee. Mwenye bando kama hilo huona ujumbe wa WhatsApp ukiingia kwenye simu, akadhani ana intaneti kamili, ilhali tovuti ya iTax haimo katika alichonunua.

Bando likiwa sawa, uchunguzi urudi kwenye kompyuta. Kila kifaa kinachojiunga na hotspoti hupewa na simu anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha. Katika taarifa za mtandao kwenye kompyuta, anwani inayoanza na 169.254 huonyesha kuwa kompyuta iliomba anwani, ikakosa kujibiwa na kujitungia yake. Kuzima hotspoti na kuiwasha tena, au kuwasha upya simu na kompyuta, mara nyingi humaliza utata huo.

Vipakatalishi vya ofisini vina kasoro yao. Baadhi huwekewa anwani isiyobadilika au seva ya proksi, ambayo hufanya kazi ndani ya jengo la ofisi pekee. Mwenyewe akifika nyumbani, kompyuta huendelea kuitafuta njia ya ofisini isiyokuwepo. Mipangilio hiyo inapaswa kurejeshwa kwenye hali ya kujipangia yenyewe, na programu ya VPN, ikiwepo, izimwe kwa muda ili kujaribu.

Kisha kuna saa. Tovuti salama huthibitisha uhalali wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Ndani ya kompyuta nyingi za zamani kuna betri ndogo ya umbo la sarafu inayotunza saa mashine inapozimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine wa zamani, ikakiona cheti halali kuwa batili na kuukataa ukurasa. Kabla ya kulaumu mtandao, mtu atupie jicho pembe ya skrini: je, tarehe ni ya leo?

Waya kama mkombozi

Muda ukiwa umeyoyoma, ipo njia ya mkato. Waya wa USB unaotumiwa kuchaji simu unaweza kuipitishia kompyuta intaneti, bila kuhitaji waifai hata kidogo. Mtumiaji huchomeka waya, akaingia katika mipangilio ya hotspoti na kuwasha huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Masafa, nywila na WPA3 havina nafasi hapa, na simu huchajiwa papo hapo.

Tahadhari ni mbili. Baadhi ya nyaya za bei nafuu hupitisha umeme pekee, si data. Pili, iPhone huhitaji programu ya Apple iwe imewekwa kwenye Windows ili itambuliwe. Asiye na waya unaofaa anaweza kutumia Bluetooth, ambayo ni ya mwendo wa kobe lakini hufika.

Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao kuachwe kuwa hatua ya mwisho. Hatua hiyo husaidia kweli, lakini hufuta nywila za mitandao yote iliyohifadhiwa, na katika simu huondoa pia vifaa vilivyounganishwa kwa Bluetooth.

Intaneti inapopatikana, kazi ya kwanza iwe kulilinda bando. Kompyuta iliyokaa siku nyingi bila mtandao hukimbilia kupakua masasisho ya Windows na kuhifadhi mafaili mtandaoni, ikalimaliza bando fomu ikiwa nusu. Katika mipangilio ya muunganisho huo, Windows huruhusu mtandao kuwekwa katika kundi la ile inayopimwa matumizi. Hapo kompyuta huahirisha sehemu kubwa ya upakuaji.

Kwa mwalimu aliye mbele ya fomu yake, basi, swali la kwanza si bando lipi anunue wala fundi yupi ampigie. Simu yake inafungua kurasa, kwa hivyo daraja la pili ni zima. Jina la hotspoti halionekani kwenye kompyuta, ilhali mtandao wa jirani unaonekana. Kilichobaki ni kushusha masafa hadi gigahezi 2.4, au kuchomeka waya, na kuwasilisha ritani yake saa sita ikiwa bado haijagonga.