Hodi ya Mtandaoni: Adabu za Kuomba Malazi ya Bure

Busia na Malaba ni miji ya wapitaji. Mbali na madereva wa malori na abiria wa mabasi ya Kampala, siku hizi huja pia waendesha baiskeli na vijana wenye mikoba mgongoni ambao hawakulipia chumba popote. Wameomba pa kulala kwa mwenyeji wasiyemjua, kupitia intaneti. Wakazi wa Matayos nao wanaweza kuomba hivyo hivyo wanapokwenda Kampala, Nairobi au Kigali kwa mahojiano ya kazi, mashindano au matembezi.

Ombi likiandikwa vibaya, mgeni anaweza kujikuta stendi usiku bila pa kwenda, au mwenyeji akafungua mlango na kukuta watu wanne badala ya mmoja. Ndiyo maana ni vyema kila mkazi azijue adabu zake.

Mitandao hii ni ipi?

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Shirika la Servas lilianzishwa mwaka 1949, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili watu wa mataifa mbalimbali wajenge amani kwa kutembeleana majumbani. Mgeni wa Servas hubeba barua ya utambulisho, na kwa kawaida hukaa siku mbili. Wazee wetu wangekubaliana na kipimo hicho, kwani husema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mtandao wa Couchsurfing ulifunguliwa mwaka 2004, na BeWelcome, unaoendeshwa na watu wa kujitolea, mwaka 2007. Warmshowers ni wa waendesha baiskeli. Katika mitandao hii yote, mwenyeji halipwi kwa malazi. Tangu mwaka 2020 Couchsurfing hutoza wanachama wa nchi nyingi ada, lakini pesa hizo huenda kwa kampuni. Aliyelipa ada hajanunua kitanda cha mtu.

Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wa Couchsurfing, Casey Fenton, alipotaka kwenda Iceland aliwaandikia barua pepe wanafunzi wapatao 1,500 wa chuo kikuu cha huko, na wengi wakamkaribisha. Wakati huo lilikuwa jambo geni. Leo, mwenyeji anayepokea ujumbe uliotumwa kwa kila mtu huutambua kwa mstari wa kwanza na kuuacha hapo.

Ombi ni hodi

Katika vijiji vya Matayos, mtu hupiga hodi, hujitambulisha, husema kilichomleta, kisha husubiri aambiwe karibu. Ombi la mtandaoni hufuata njia hiyo hiyo. Kwanza mwombaji asome wasifu wa mwenyeji hadi mwisho: nani anaishi humo, mgeni atalala wapi, sigara au pombe zinaruhusiwa, wageni wangapi wanapokelewa. Kisha ombi lake lieleze:

- yeye ni nani na safari yake ni ya nini;
- kwa nini amemchagua mwenyeji huyo;
- tarehe ya kufika na ya kuondoka, na idadi ya usiku;
- watu wangapi wanakuja, na wana uhusiano gani;
- atafika saa ngapi na kwa usafiri gani.

Kwa mpaka wetu, mambo mawili yahitaji uangalifu zaidi. La kwanza ni mahali. Anayeandika "nitafika mpakani" hajasema kitu, kwa sababu Busia na Malaba ni vituo viwili tofauti. Mwenyeji anaweza kusubiri Busia huku mgeni amesimama Malaba. La pili ni saa. Saa mbili ya Kiswahili usiku ni saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Ni salama kuandika saa kwa mtindo wa 20:00.

Ujumbe usemao "Niaje, nakuja wiki ijayo, naomba pa kulala" haumpi mwenyeji chochote cha kuamulia. Linganisha na huu:

"Habari yako. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi kutoka Matayos. Nina mahojiano ya kazi Kampala tarehe 14 asubuhi. Nimesoma kwamba wewe ni mwalimu na una watoto wadogo nyumbani. Naomba kulala usiku mmoja, tarehe 13. Nitakuwa peke yangu, nitafika kwa basi kabla ya 18:00. Kochi linanitosha. Ikiwa haiwezekani, hakuna neno. Asante kwa kusoma."

Sentensi ya mwisho ina uzito. Inamwachia mwenyeji nafasi ya kukataa bila kuona haya.

Akikataa, ashukuriwe bila kudaiwa sababu. Asipojibu, akumbushwe mara moja tu. Hata mlangoni, mwenye adabu akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, huondoka.

Boma lina wenyewe

Mara nyingi kijana anayejibu ombi huishi katika boma la wazazi wake. Mgeni wa kiume anaweza kulazwa katika simba, nyumba ya kijana huyo, lakini ruhusa ni ya wazazi. Wapenzi wawili wanaosafiri pamoja waseme mapema, kwani familia nyingi hazitakubali walale chumba kimoja.

Mgeni asitarajie kuku. Akichinjiwa, hiyo ni heshima ya nyumba, si sehemu ya makubaliano. Zawadi ndogo kama sukari au matunda hupokelewa vizuri, na kuosha vyombo pia. Mipango ikibadilika, atoe taarifa mara moja. Akiondoka, aandike maoni ya kweli kuhusu makazi yake, maana mgeni na mwenyeji wanaofuata wataongozwa nayo.

Usalama wa pande zote

Mgeni asome maoni ya waliotangulia, amwachie ndugu anwani ya mwenyeji, na awe na pesa za chumba cha usiku mmoja endapo mambo yataharibika. Simu karibu na mpaka huweza kushika mtandao wa upande wa pili, kwa hiyo namba na maelekezo yaandikwe pia kwenye karatasi.

Mwenyeji aombe kuona kitambulisho au pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Wageni wengine waonyeshe pasipoti iliyogongwa muhuri. Ni busara pia kumjulisha mzee wa mtaa au majirani wa Nyumba Kumi.

Malazi ya bure hayamfanyi mgeni kuwa na deni. Mwenyeji akidai pesa, au akitaka mapenzi kama malipo, mgeni ana haki ya kuondoka saa hiyo hiyo. Kadhalika, mwenyeji ana haki ya kumtoa mgeni anayemsumbua yeyote nyumbani. Kwa dharura, polisi wa Kenya hupatikana kwa 999 au 112, na waathiriwa wa dhuluma za kijinsia hupata msaada kwa namba ya bure 1195.