Hisa za michezo ya simu: Nani huvuna, nani hubaki na mabua?

MNAMO Juni 2009 kampuni moja ya San Francisco, Marekani, ilifungua shamba lisilohitaji mvua wala mbolea. Shamba lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta. Mchezaji alipewa kipande cha ardhi, akalima, akapanda, kisha akasubiri. Stroberi zilikomaa kwa saa nne. Aliyechelewa kurudi kuvuna alikuta mimea imenyauka. Na aliyekosa subira alitoa pesa halisi, akanunua pesa za mle mchezoni, akajipatia trekta, mbegu za pekee au ng'ombe wa kuchorwa.

Mchezo huo uliitwa FarmVille, na kampuni iliyoutengeneza ni Zynga. Kufikia mapema 2010 watu zaidi ya milioni 80 walikuwa wakiucheza kila mwezi kupitia mtandao wa Facebook. Mkulima anayeamka saa kumi kukama ng'ombe wa kweli ana haki ya kucheka. Lakini waliouza wale ng'ombe wa picha waliingiza mamilioni ya dola, na Desemba 2011 wakaufungulia umma mlango: njooni mnunue hisa.

Tunaisimulia habari hii kwa kuwa kuna swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wameanza kuuliza. Vijana wote nyumbani wameinamia simu wakicheza. Simu hiyo hiyo siku hizi inaweza kununua hisa zinazouzwa New York. Je, kwa nini nisitie bonasi yangu ya majani chai katika kampuni inayotengeneza michezo hiyo?

Swali si la kijinga, na biashara yenyewe si ya mzaha. Hata hivyo, mchezo kupendwa ni jambo moja na mwenye hisa kupata faida ni jambo jingine. Zynga ni mfano mzuri kwa sababu safari yake katika soko la hisa imekwisha. Tunaweza kuhesabu kilichopandwa na kilichovunwa.

Dola 10 kwa hisa

Desemba 16, 2011, Zynga iliuza hisa milioni 100 kwa dola 10 kila moja na kukusanya dola bilioni moja. Siku hiyo yenyewe hisa ilifunga soko ikiwa dola 9.50. Aliyekuwa na haraka alipata hasara kabla ya jua kutua.

Waraka wa mauzo ya hisa ulikuwa umesema mengi kwa atakayesoma. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato yalipitia Facebook. Mfugaji yeyote anaijua hatari ya kuwa na mnunuzi mmoja wa maziwa: akibadilisha bei au masharti, wewe huna la kusema. Waraka ulieleza pia kwamba ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaolipa chochote, wengine wote hucheza bure. Kisha kulikuwa na suala la kura. Hisa moja iliyouzwa kwa umma ilikuwa na kura moja, ilhali kila hisa ya daraja maalumu aliyokuwa nayo mwanzilishi, Mark Pincus, ilikuwa na kura 70. Hebu fikiria chama cha ushirika ambacho mwenyekiti ana kura 70 kwa kila moja yako, halafu uniambie kama ungehudhuria mkutano mkuu.

Hata hivyo watu walinunua. Machi 2012 bei ilipita dola 14. Hapo ndipo kilipotokea kisa ambacho kila mwenye kutaka kununua hisa za aina hii angefaa kukijua. Wenye kampuni, Pincus akiwamo, waliuza sehemu ya hisa zao wenyewe kwa dola 12 kila moja. Pincus peke yake aliuza hisa milioni 16.5, yaani takriban dola milioni 198. Pesa hizo hazikuingia katika kampuni kutengeneza michezo mipya. Ziliingia mifukoni mwa waliouza.

Miezi minne haikupita. Julai 25, 2012 kampuni ilitangaza matokeo mabaya, na kesho yake hisa ikaporomoka kwa zaidi ya theluthi moja hadi karibu dola 3. Wawekezaji walienda mahakamani wakidai walifichwa hali halisi, na mnamo 2015 kesi ikamalizwa kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 23 bila kukiri kosa. Ukizigawa pesa hizo kwa wote waliopata hasara, sidhani zilitosha hata kulipia nauli ya kwenda kortini.

Kuuza hisa si hatia. Mwanzilishi naye hujenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini anayeijua kampuni kuliko mtu mwingine yeyote anapouza kwa wingi muda mfupi baada ya kuwaalika wengine wanunue, mnunuzi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mchezo huchakaa

Shina la chai likitunzwa vyema humlea mkulima na mwanawe. Mchezo wa simu ni kama nyanya. Msimu huu kila mtu anazitaka, msimu ujao zinaoza sokoni.

Mwezi ule ule wa Machi 2012, Zynga iliinunua kampuni ndogo ya New York, OMGPOP, kwa takriban dola milioni 180. Ilikuwa na mchezo wa kuchora, Draw Something, uliokuwa umevuma kwa wiki chache tu. Mamilioni waliucheza kila siku. Karibu mara tu mkataba ulipotiwa sahihi, wachezaji wakaanza kuuchoka na kuondoka. Kabla ya mwaka kwisha Zynga ilikuwa imefuta karibu nusu ya thamani hiyo katika vitabu vyake, na Juni 2013 OMGPOP ikafungwa. Wafanyakazi 520 wa Zynga walipoteza kazi mwezi huo.

Wala si Zynga pekee. Kampuni ya King, iliyotengeneza Candy Crush Saga, iliuza hisa kwa umma Machi 2014 kwa dola 22.50. Hii ilikuwa kampuni yenye faida, tena faida kubwa: zaidi ya dola milioni 500 mwaka 2013. Shida ni kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo asilimia 78 ya makusanyo yake yalitoka kwa mchezo mmoja. Soko liliogopa, na siku ya kwanza hisa ikafunga ikiwa dola 19. Februari 2016 kampuni ya Activision Blizzard iliinunua King yote kwa dola 18 kwa hisa. Kwa hivyo aliyenunua siku ya kwanza na kuvumilia hadi mwisho aliuziwa kwa 22.50 akanunuliwa kwa 18, na Candy Crush bado inachezwa hadi leo.

Dalali wa asilimia 30

Zynga haikufa. Iliuacha utegemezi wa Facebook na kuhamia kwenye simu za mkononi, hasa kwa kununua kampuni nyingine: NaturalMotion ya Uingereza mwaka 2014, kisha nyingine za Uturuki na Ufini. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya Covid-19, mapato yake yalikaribia dola bilioni 2. Mwaka huo huo ikaandika hasara ya zaidi ya dola milioni 400, kwa kiasi kikubwa kutokana na gharama za kampuni ilizonunua.

Pesa zilienda wapi? Mkulima wa mboga anayepeleka mazao Marikiti hatahitaji kuelezwa sana. Apple na Google, ambao ndio wenye maduka ya kupakulia michezo, kwa kawaida wamekuwa wakikata asilimia 30 ya anacholipa mchezaji ndani ya mchezo. Tangu 2021 kampuni ndogo hukatwa asilimia 15, lakini Zynga haikuwa ndogo. Kisha kuna matangazo. Ili kupata wachezaji wapya kuchukua nafasi ya waliochoka, kampuni hulipia matangazo kila siku. Aprili 2021 Apple ilianza kuzitaka programu zimwombe mwenye simu ruhusa kabla ya kumfuatilia katika programu za wengine, na kumtafuta yule mchezaji mmoja anayelipa kukawa kugumu na ghali zaidi. Agosti mwaka huo Zynga ilipunguza makadirio yake na hisa ikaanguka vibaya kwa siku moja. Kampuni haikuwa imekosea popote. Mwenye soko alibadilisha masharti tu.

Hesabu ya miaka 10

Januari 2022 kampuni ya Take-Two ilitangaza kwamba itainunua Zynga kwa dola bilioni 12.7. Magazeti ya dunia yaliandika kwa herufi kubwa. Lakini hebu tugeukie hisa moja. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 9.86: dola 3.50 taslimu na zilizobaki kwa hisa za Take-Two. Biashara ilipokamilika Mei 23, 2022, hisa za Take-Two zilikuwa zimeshuka, kwa hivyo alichokabidhiwa mwenye hisa kilikuwa chini ya hapo.

Aliyelipa dola 10 mwaka 2011 alingoja zaidi ya miaka 10 na kurudishiwa pungufu ya alichotoa. Katika muda huo wote Zynga haikulipa mgao wa faida hata senti moja. Na FarmVille? Shamba lile la Facebook lilifungwa Desemba 31, 2020.

Mkenya angekuwa na kifuta jasho. Mwishoni mwa 2011 dola ilikuwa karibu Sh85, na Mei 2022 ilikuwa kama Sh116, kwa hivyo kwa shilingi angeonekana amepata faida. Lakini hiyo ni faida ya dola, wala si ya michezo. Na dola nayo hugeuka: mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu Sh160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeteremka hadi karibu Sh129. Aliyenunua hisa za ng'ambo Januari ile alipoteza karibu moja ya tano kwa shilingi hata kama hisa yenyewe haikusonga.

Wapo waliotajirika, na hatutawaficha. Mwaka 2001 Naspers, kampuni ya magazeti na televisheni ya Afrika Kusini, ilitoa takriban dola milioni 32 na kupata karibu nusu ya kampuni changa ya China iitwayo Tencent, ambayo baadaye ikawa miongoni mwa wakubwa wa michezo ya simu duniani. Machi 2018 Naspers iliuza asilimia 2 tu ya Tencent kwa dola bilioni 9.8. Sisi wa magazeti huisoma habari hiyo kwa wivu. Lakini Tencent haikuwa ya michezo pekee. Ilikuwa na huduma ya ujumbe ambayo Wachina walihitaji kila siku. Isitoshe, hata yeye ana mwenye kumkemea: mwaka 2021 serikali ya China iliamuru watoto wasicheze michezo ya mtandaoni zaidi ya saa tatu kwa wiki, na wenye hisa wakapatwa na mshtuko ule ambao wakulima wa parachichi huupata msimu wa kuuza nje unapofungwa.

Kabla ya kutuma pesa

Kwanza hakikisha unachouziwa ni hisa. Programu nyingi za simu zenye majina ya kampuni za Marekani haziuzi hisa. Huuza mkataba wa kubahatisha kama bei itapanda au kushuka, mara nyingi kwa pesa za kukopeshwa, na akiba yako inaweza kwisha kwa mchana mmoja. Ukiuliza jina la nani litaandikwa kwenye hisa na jibu likazungukazunguka, ondoka. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Anayekuandikia kwenye WhatsApp akikuahidi faida ya kila wiki hayumo.

Jumlisha pia gharama: ada ya kubadilisha shilingi, ada ya kutuma, ada ya wakala. Kampuni ya Marekani ikilipa mgao, Mkenya hukatwa asilimia 30 huko huko kabla pesa hazijavuka bahari. Kwa anayeweka Sh10,000, ada peke yake zinaweza kula faida ya mwaka.

La mkopo halina mjadala. Wengi wanakumbuka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa Sh5 na watu wakakopa benki ili wanunue. Walioomba walikuwa wengi kupita hisa zilizokuwapo, na mwaka uliofuata bei ikashuka chini ya Sh3. Waliotumia pesa zao waliweza kukaa, wakapokea mgao mwaka baada ya mwaka na kuiona bei ikipita ile ya kununulia. Waliokopa walidaiwa na benki huku hisa ikiwa chini, na baadhi wakauza kwa hasara. Tena hiyo ni kampuni ambayo watu huilipa kila siku kwa jambo wasiloweza kuliacha.

Anayetaka bado, na asome. Kila kampuni inayouza hisa zake Marekani hulazimika kuwasilisha ripoti kwa SEC, mamlaka inayosimamia hisa huko, na ripoti hizo husomwa bure kwenye mtandao. Kiingereza chake ni kigumu, kwa hivyo mwite kijana aliyesoma uchumi, afungue sehemu inayoeleza hatari na atafute mapato yanatoka kwa michezo mingapi na kupitia kwa nani. Maneno kuhusu Zynga kuitegemea Facebook yalikuwa yameandikwa humo, wazi kabisa, kabla hisa ya kwanza kuuzwa.